Kuamsha Redio Iliyolala

Tarakea ni mji wa mpakani katika Wilaya ya Rombo, kwenye mteremko wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Tuchukulie kuwa bomba la maji la kijiji kimojawapo cha huko lina vali iliyofungwa juu karibu na msitu, mahali pasipo na umeme, naye msimamizi wa maji yuko kilomita tatu chini. Bomba likipasuka usiku, maji ya siku nzima yaweza kumwagikia korongoni kabla mtu hajapanda kuifunga vali. Je, amri ya kuifunga yaweza kupelekwa kwa redio? Yaweza, lakini hapana budi redio hizo zipangiwe vema hali zao za kazi.

Gharama ya kusikiliza

Wengi hudhani kwamba redio hutumia nguvu inaposema tu. Sivyo, hata kusikiliza kuna gharama yake. Tuseme redio ya kwenye vali husikiliza kwa mkondo wa miliampea 12, na betri yake ina miliampea-saa 2,400. Ikisikiliza bila kupumzika, betri itakwisha kwa saa 200, yaani siku 8 hivi.

Sasa tuiache ilale, iamke mara moja kila sekunde 2, na isikilize kwa sekunde 0.02 tu. Muda wa kusikiliza umekuwa sehemu 1 katika 100. Wastani wa mkondo unashuka hadi miliampea 0.12, na betri ile ile yaweza kudumu saa 20,000, yaani zaidi ya miaka miwili, tukiacha kando kiasi kidogo kinachotumika wakati wa usingizi.

Hali nne za kazi

Mfano mzuri ni moduli ya redio iitwayo E32, itumiayo utaratibu wa LoRa. Moduli hii ina ncha mbili, M0 na M1. Kila ncha hupewa 0 au 1, kwa hiyo hupatikana hali 2 × 2 = 4:

M0 = 0, M1 = 0: hali ya kawaida. Redio hutuma na kupokea kwa zamu, kama redio za polisi: asemaye hubonyeza kitufe, mwenzake hunyamaza.
M0 = 1, M1 = 0: hali ya kuamsha. Kila ujumbe hutanguliwa na mwito mrefu.
M0 = 0, M1 = 1: hali ya kubana nguvu. Redio hulala na kuamka kwa vipindi, haiwezi kutuma.
M0 = 1, M1 = 1: hali ya usingizi. Hapo ndipo huandikwa anwani, chaneli, kasi na muda wa kuamka.

Basi redio ya kwenye vali huwekwa katika hali ya tatu, na ile ya msimamizi, yenye umeme wa kutosha, katika hali ya pili. Amri ikifika, redio ya juu hugeuzwa iwe katika hali ya kawaida ili ijibu kwamba vali imefungwa, kisha hurudi kulala.

Mahali pa kukosea

Mwito haufai kuwa mfupi kuliko usingizi wa mpokeaji. Redio ikiamka kila sekunde 2, na mwito ukadumu sekunde 0.25 tu, amri itasikika takriban mara 1 katika 8. Majaribio ya mezani yaweza kufaulu kwa bahati, na vali ikabaki wazi usiku ule inapohitajika kufungwa. Jibu kutoka juu ndilo uthibitisho. Lisipokuja, amri irudiwe.

Umbo la ardhi nalo lina neno. Vilima na makorongo huzuia mawimbi, hivyo antena iinuliwe. Tena mawimbi hayajui mpaka: yatokayo Tarakea huvuka hadi Kenya. Masafa na nguvu za kutumia hufuata kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Utaratibu huu si mgeni mkoani. Katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, LoRa ilitumika mwaka 2017 katika ulinzi wa faru.

Zoezi kwa wanafunzi: ikiwa redio itaamka kila sekunde 4 badala ya 2, betri itadumu muda gani, na mwito uwe mrefu kiasi gani? Na je, sekunde mbili zaidi za kungoja zitampunguzia mwanakijiji maji mangapi?