Lodi Aliyevua Ulodi

Alec Douglas-Home alizaliwa mwaka 1903 katika ukoo wa malodi wa Uskoti. Mwaka 1951 baba yake alikufa, naye akarithi cheo, ikambidi kutoka katika baraza la wabunge waliochaguliwa na kuingia Baraza la Malodi.

Oktoba 1963 akawa Waziri Mkuu wa Uingereza. Lakini ilionekana haifai lodi aitawale nchi bila kuchaguliwa. Basi akavua cheo cha mababu, akaomba kura Perthshire kama mtu yeyote. Kwa majuma mawili hivi hakuwa na kiti popote, kisha akashinda. Kenya ilipopata uhuru Desemba hiyo, yeye ndiye aliyekuwa madarakani.

Mwaka 1964 chama chake kilishindwa. Kura zilimpa kiti. Kura zikamwondolea uwaziri mkuu.