Jibu Bila Njia Si Hesabu

Jioni moja kijana wa humanite alinijia nyumbani, daftari mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Jibu langu halifanani na la mwenzangu. Nani amepata?" Sikumjibu. Nilimkaribisha kiti, nikamwambia, "Mwanangu, nionyeshe kwanza njia uliyopita."

Swali lake lilihusu pembe, nami nilikuwa nimelitunga makusudi kwa watoto wa Walikale, waujuao mto Lowa tangu utoto wao. Mtu amesimama ukingoni, hana mtumbwi, lakini ataka kujua upana wa mto. Ng'ambo, mkabala naye kabisa, pana mti mkubwa. Anatembea mita 40 kuufuata ukingo ulionyooka, kisha anautazama mti ule tena. Pembe iliyo kati ya ukingo na mstari wa macho yake ni ya digrii 60. Je, mto una upana gani?

Kijana alichora vema. Kisha alichukua sini ya digrii 60, yaani 0.866, akaizidisha kwa 40, akapata mita 34.6. Nikamwuliza, "Kama pembe ingekuwa ya digrii 45, upana ungekuwa kiasi gani?" Akafikiri kidogo. "Mita 40, Mwalimu, kwa kuwa pande mbili zingekuwa sawa." "Na pembe yako ni kubwa kuliko hiyo, au ndogo?" Alinyamaza, kisha akacheka, akaanza kufuta.

Alikuwa ameona mwenyewe. Pembe ikizidi digrii 45, upana hauna budi kuzidi mita 40, basi 34.6 haiwezekani kamwe. Sini hulinganisha upana na ule mstari mrefu wa mshazari uendao mpaka mtini, na mstari huo hakuna aliyeupima. Kilichopimwa ni ukingo. Kwa hiyo ilihitajika tanjenti. Tanjenti ya digrii 60 ni 1.732, na ukiizidisha kwa 40 wapata mita 69.3. Kijana aliondoka bila kuuliza tena jibu la mwenzake.

Wazazi wapenzi, hapo ndipo penye kiini cha elimu hii. Hesabu za humanite, yaani milinganyo, logarithimu na trigonometria, haziingii kichwani kwa kusikilizwa tu. Huingia kwa mkono, kwa penseli, na kwa kukosea. Wazee walinena kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini mwanafunzi atajiepushaje na kosa lile lile, ikiwa hajui alijikwaa wapi?

Tazameni kosa lingine, ambalo mwalimu hulikuta kila mwaka. Mwanafunzi aambiwa apate kipeo cha pili cha x + 3. Mbio mbio aandika x² + 9. Amwekee x thamani ya 1 tu, ataona. Upande wa kwanza, 4 mara 4 ni 16. Upande wa pili, 1 na 9 ni 10. Pande hazilingani. Ndipo atafute kilichopotea, naye atakikuta: ni 6x. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja, wala halihitaji kitabu cha kununua.

Kwa hiyo mimi hudai mambo matatu kwa wanafunzi wangu. Kwanza, wachore kabla ya kuhesabu. Pili, wakisie jibu litakuwa kubwa au dogo kiasi gani. Tatu, waandike kila hatua kwenye mstari wake, ili kosa liwe na mahali pa kuonekana.

Wengine hunung'unika. Wanajua kwamba katika Mtihani wa Taifa, ulioanzishwa mwaka 1967, maswali huja na majibu kadhaa, mtahiniwa achague lililo sahihi. Basi wasema, njia ya nini? Lakini siku ile mwenzake hayupo wa kumnong'oneza. Aliyezoea kunakili atakuwa kama mtu aliyeletwa msituni usiku, akaachwa peke yake: hajui alikotoka wala aendako.

Wala asiseme mtu kwamba elimu hii ni ya wageni. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo huko Ishango, pale mto Semliki utokapo katika Ziwa Edward, katika Kivu yetu hii ya Kaskazini. Umri wake wakadiriwa kuwa yapata miaka 20,000. Umechanjwa alama kwa mafungu. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19, ambazo jumla yake ni 60. Wataalamu wabishana juu ya maana ya alama hizo. Lakini mkono uliozichanja ulikuwa wa mtu wa nchi hii, naye alizipanga kwa mafungu.

Najua mizigo ya nyumba zetu. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, madini ya bati ya Bisie yamewavuta vijana wengi. Wengine waliacha kalamu, wakabeba mgongoni magunia ya kilo 50 kupita msituni. Mnamo Machi 2025 waasi wa M23 waliingia mji wa Walikale, wakauacha Aprili. Jamaa nyingi zilikimbia. Katika kukimbia, nani akumbuke daftari? Lakini mtoto aliyejifunza njia huondoka nayo kichwani. Aliyenakili majibu, daftari lake likipotea, amepoteza yote.

Basi, baba na mama, mpeni mtoto wenu saa moja kila jioni, na taa. Msichana naye apewe. Maji na kuni zisimlie saa yake yote. Hamhitaji kujua tanjenti ni nini. Mwambieni tu, "Mwanangu, nieleze ulivyofanya." Akieleza kwa utaratibu, anajua. Akikwama katikati, msimkemee: amepata mahali pa kuanzia kesho.