Kaske ya masikio: tuiunganishe wapi?

Tunasema juu ya kaske ya masikio, hapana ile ya kichwa yenye tunavaa kazini. Ku nyumba ya mufanyakazi wa posta ya usiku, baba analala saa tatu ya asubui, wakati watoto wanaanza kutafuta muziki. Kaske inaleta amani mu nyumba, ni kweli. Lakini wengi wanafikiri kama ampli kubwa njo itaipa sauti ya muzuri, na pale njo vyombo vinaanza kuungua.

Bafle inaomba wati. Kaske inaomba miliwati, maana yake wati 1 ikikatwa vipande 1000. Kwa kaske mingi, miliwati 1 tu inatosha kufikisha karibu desibeli 100, na ile ni kelele ya kuumiza. Kwa hiyo nguvu haiko shida yetu.

Angalia kwanza alama Ω ku boksi, njo omu. Kaske ya omu 16 ao 32 inaenda bila matata na telefoni, televizio ao radio yenye kuwa na tundu ya kaske. Zile za watu wa studio, sawa vile Sennheiser HD 600, ziko na omu 300. Telefoni ya kutoa volti 1 inaipa ile miliwati 3 na kidogo, wakati ya omu 32 inaweza kupata 31. Mimi nasema: usinunue omu mingi kisha ununue tena ampli ya kuisukuma. Franka ya nyumba iko na kazi ingine.

Sasa otoradio. Umeme hauko kila siku, njo maana wengi wanaweka otoradio ya gari juu ya meza na batri ya volti 12. Wati iko, lakini tundu ya kaske mara mingi hakuna. Fundi wa haraka anakata uzi wa kaske na kuufunga ku nyuzi za bafle. Usikubali! Fishi ya kaske iko na njia tatu: ya kushoto, ya kuume, na moja ya kurudilia yenye masikio yote mbili yanagawanya. Ku otoradio mingi, kila bafle iko na nyuzi zake mbili, na zote mbili zinasukuma sauti. Ukifunga pamoja ya kushoto na ya kuume, unaweza kuua ampli ya ndani, na kaske nayo iungue. Njia ya muzuri: toa sauti nyuma, ku matundu ya RCA, uipeleke mu ampli ndogo ya kaske. RCA peke yake haina nguvu ya kutosha. Na Bluetooth ya otoradio, kwa kawaida, inapokea muziki ya telefoni, haiitumi mu kaske; watu wengi wanadanganyika pale.

Ile ampli ndogo, chagua yenye batri yake ya kuchaji. Umeme ukikatika unaendelea kusikiliza, na ile ngurumo ya chaja ya bei chini haiingie mu masikio, kama tu hauchaji wakati unasikiliza.

Inabakia volime. Mwenye kutoka ku konkaseri ao ku mashine ya kutoboa mawe, masikio yake yanalia wiii na yanasikia kidogo kwa masaa mingi. Ataongeza sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa masaa 40 ku juma. Ku desibeli 90, masaa 4 tu. Tunadai vizibo vya masikio kazini, halafu tuyamalizie ku kiti ya nyumba?

Panga volime siku ya kupumzika, masikio yakiwa mapya na nyumba ikinyamaza. Otoradio inaonyesha namba: iandike ku karatasi, ubandike pale. Ku ampli ya kuzungusha, chora alama na kalamu. Ukirudi ku posta, usipite pale, hata muziki ikionekana kuwa chini. Na kama mama wa nyumba anakuita mara tatu na hausikie, na kaske umeshatoa, enda ku hospitali wapime masikio.