Uhuru wa Mhakiki wa Gemu

Mchezaji wa gemu za video aliye Maungu, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, hutegemea uhakiki, yaani tathmini ya mwandishi aliyekwisha kuucheza mchezo, kabla ya kutoa fedha zake. Mwandishi huyo mara nyingi hupewa nakala ya bure na kampuni iliyoutengeneza, na chombo chake huishi kwa matangazo ya kampuni hizohizo, jambo linaloweza kuubana ukweli. Nchini Marekani, mwaka 2007, Jeff Gerstmann alifutwa kazi na tovuti ya GameSpot baada ya kuikosoa gemu ya Kane & Lynch, iliyokuwa ikitangazwa humo, na mwaka 2012 alieleza hadharani kwamba shinikizo la watangazaji lilihusika. Nchini Kenya, kanuni za maadili zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zilionya kuhusu zawadi. Ukweli huo unahitajika hata kwa gemu za nyumbani: Nairobi X, gemu ya Mkenya Andrew Kaggia, inastahili fahari, lakini fahari haichukui nafasi ya uhakiki, kwa kuwa kasoro isiyotajwa hairekebishwi. Wahariri na waeleze waziwazi ni nani aliyetoa nakala iliyohakikiwa.