Altrasaundi na Uponaji wa Donda Ndugu la Mguu

Donda ndugu la mguu humhadaa anayelitazama kwa macho matupu. Ngozi inaweza kusogea ikaufunika mdomo wa kidonda, huku chini yake usaha ukijichimbia njia kando ya kano kuelekea mfupani. Rula ya muuguzi hupima urefu na upana. Kipimo hicho si cha kudharauliwa: kidonda cha mguu wa kisukari ambacho eneo lake halijapungua kwa nusu katika wiki 4 kina nafasi ndogo ya kupona kufikia wiki ya 12 kwa matibabu yaleyale. Lakini kina hakionekani kwa rula, na nyama hujijenga kuanzia chini.

Altrasaundi hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika, kisha hupokea mwangwi wake. Sauti hupita katika nyama laini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, hivyo muda wa mwangwi kurudi hueleza ulikotoka. Kwa ngozi hutumiwa masafa ya juu, kama megahezi 20. Picha huwa kali sana, ila haizidi kina cha sentimita moja hivi. Anayetafuta jipu lililo ndani zaidi hushusha masafa.

Kwenye picha, ngozi nzima yenye kolajeni iliyopangika hung'aa, na iliyolowa maji huwa nyeusi. Kidonda kinapopona, nyama changa hujaza shimo na weusi hufifia. Ngozi iliyofunga juu ilhali chini bado kuna dimbwi jeusi haijapona. Dimbwi hilo likibonyezwa taratibu na chembe zikazunguka ndani yake, huenda ni usaha. Hata kijiti au mwiba, ambao kwa kawaida hauonekani kwenye eksirei, hujitokeza hapa. Na mwenye kisukari aliyepoteza hisia za unyayo anaweza kutembea nao siku nyingi bila kujua.

Lenye uzito kuliko yote ni damu. Kwa kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842, mashine hutambua damu inaelekea wapi na kwa kasi gani. Katika vena za mguu zilizo karibu na ngozi, damu inayorudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde huonyesha vali zilizolegea. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kuziba mapema vena hizo, pamoja na bandeji ya kubana, kulifupisha uponaji wa vidonda vya vena kutoka siku 82 hadi 56 kwa kipimo cha wastani wa kati.

Bandeji hiyohiyo huweza kuuharibu mguu usiopata damu ya ateri. Kwa hiyo shinikizo la damu la kifundo cha mguu hugawanywa kwa lile la mkono: chini ya 0.9 ni dalili ya ateri kuziba, na chini ya 0.5 ni hatari kubwa. Kwa wenye kisukari, ateri zilizojaa chokaa hukataa kubanwa, namba ikapanda kwa udanganyifu. Hapo hupimwa shinikizo la kidole gumba cha mguu.

Ndani ya mfupa sauti haipenyi vizuri, kwa hiyo maambukizi ya huko huachiwa eksirei au MRI. Kidonda hufunikwa kwa utando safi, jeli hupakwa juu yake, na kichwa cha mashine hugusishwa kidogo tu, kwani kukikandamiza huzibana vena na kuupunguza uvimbe unaopimwa. Picha za wiki tofauti hulinganishwa zikipigwa mahali palepale, mguu ukiwa umelazwa vilevile.