Timu yangu ilizikwa Tampa

Mwaka 1996, ligi ya soka ya kulipwa ya MLS ilipoanza Marekani, nilikuwa kibarua mjini Tampa, Florida. Nikipata nafasi, nilikwenda kuishangilia Tampa Bay Mutiny. Carlos Valderrama alipika, Roy Lassiter akafunga mabao 27 msimu ule. Sare hazikuruhusiwa: mchezaji alianzia yadi 35 toka golini, akapewa sekunde tano amfunge kipa. Tulicheka, lakini tulisimama wote.

Januari 2002 timu ilivunjwa kwa kukosa mmiliki. Mimi nilirudi nyumbani na skafu yake. Hapa mpakani wateja huniuliza ni ya klabu gani. Nawajibu: ya klabu iliyonisahaulisha ugeni.