KICHOCHEO CHA UDONGO KATIKA KUTENGENEZA DIZELI YA MIMEA: MAELEZO KWA WANANCHI

Kwa miaka mingi mji wa Mpanda, ikiwemo Kata ya Majengo, ulipata umeme wake kutokana na mitambo ya dizeli, na dizeli hiyo ilisafirishwa kutoka mbali. Kwa sababu hiyo, habari ya kupata mafuta ya mitambo kutokana na mmea wa shambani ilikuwa na uzito wa pekee huko. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Kijerumani ya Prokon iliingia mikataba na wakulima wadogo wa Mpanda, wilaya iliyokuwa katika Mkoa wa Rukwa kabla ya kuundwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012, ili waoteshe mbono kaburi. Mwezi wa Januari 2014 kampuni mama iliwasilisha maombi ya ufilisi nchini Ujerumani. Mbegu ya mbono ina sumu, hailiwi na mtu wala mnyama. Kwa hiyo anapokosekana mnunuzi, mkulima hubaki na zao asiloweza hata kulipika.

Kwa kuwa utafiti wa dizeli ya mimea ungali unaendelea ulimwenguni, ni vyema wananchi wakafahamu ni lipi linaloweza kutatuliwa na mbinu mpya, na ni lipi lisiloweza.

Mafuta ya mbegu ni mazito, na yakitiwa kama yalivyo katika injini ya kawaida huweza kuziba njia za mafuta. Ili yawe mepesi, huchanganywa na methanoli katika joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Kilo 100 za mafuta na kilo 11 hivi za methanoli hutoa takriban kilo 100 za dizeli na kilo 10 za gliserini. Mageuzi hayo hayaendi kwa haraka bila ya kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi pasipo chenyewe kutumika.

Kichocheo kilichozoeleka ni kostiki, ile ile wanayoitumia watengenezaji wa sabuni. Kostiki ni rahisi kupatikana, lakini huyeyuka ndani ya mchanganyiko na haiwezi kutolewa ikatumika tena. Aidha, mafuta yakiwa yamechacha, kostiki huyageuza kuwa sabuni badala ya dizeli. Baada ya hapo dizeli hulazimika kuoshwa kwa maji mengi, na maji hayo machafu hayafai kumwagwa ovyo.

Hapo ndipo inapoingia jiopolima. Jina hilo lilitolewa na mwanasayansi wa Kifaransa, Joseph Davidovits, katika miaka ya 1970. Udongo mweupe wa kaolini, mfano wa ule unaopatikana katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, huchomwa kwa joto la nyuzi 750 hivi, kisha huchanganywa na kostiki na silikati ya sodiamu. Uji huo huganda ukawa mgumu kama jiwe katika joto lisilozidi lile la maji yanayochemka. Ukitengenezwa kwa namna maalumu, jiwe hilo huwa na vitundu vingi vidogo mno, hata kipande kidogo kikawa na eneo kubwa la ndani la kukutana na mafuta.

Mwaka 2015 watafiti wa Arizona State University, Marekani, walieleza jiopolima ya vitundu iliyoongezwa kalsiamu, ambayo iligeuza mafuta ya soya kuwa dizeli. Kichocheo cha namna hii hubaki kigumu: huchujwa, husafishwa kwa kuchomwa, na kurudishwa kazini. Haja ya kuosha dizeli kwa maji hupungua sana.

Hata hivyo, mafuta ya soya waliyoyatumia watafiti hao yalikuwa yamekwisha kusafishwa. Mafuta ya mbono yaliyokamuliwa kutokana na mbegu zilizorundikwa katika unyevunyevu huwa na asidi nyingi, nayo asidi hiyo hukidhoofisha kichocheo cha udongo kama inavyoiharibu kazi ya kostiki. Kalsiamu nayo huweza kumomonyoka kidogo kidogo na kuingia katika dizeli. Kadhalika, methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na hushika moto upesi. Haifai kabisa kuwekwa wala kupikwa majumbani.

Ikumbukwe pia kwamba kichocheo hakiongezi mavuno ya shamba, wala hakipandishi bei ya mbegu. Kinapunguza gharama za kiwandani tu.

Kwa hiyo, mkulima wa Mpanda, au wa mahali pengine popote, anayeombwa kuotesha zao la mafuta ya mitambo anashauriwa kuuliza mambo matatu kabla ya kutia saini: mnunuzi atafungwa na mkataba kwa miaka mingapi, mbegu zitakaushwa na kuhifadhiwa wapi, na zao hilo lina kazi gani nyingine iwapo mnunuzi ataondoka. Asiyepata jibu la swali la tatu asiliondoe shambani hindi lake.